Kufuata Mkumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ushawishi wa Wenzetu

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka kadhaa kwenye vikao vya vikoba, mikutano ya wazazi na mazungumzo ya barazani hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala mpaka Sinza. Mengine yaliulizwa kwa sauti. Mengine mtu alinivuta pembeni kikao kikishafungwa. Mwenye haraka aruke hadi swali la 8, maana ndilo ninaloliona mzizi wa mengine yote.

## Mambo ya mwanzo

1. Ushawishi wa kijamii ni nini hasa?

Ni mabadiliko yanayompata mtu katika anachofikiri, anachohisi au anachofanya kwa sababu ya watu wengine, wawe wapo mbele yake au wamo kichwani mwake tu. Si lazima mtu akwambie neno. Simama Posta saa saba mchana, inua uso uangalie ghorofa ya juu kabisa. Ukiwa peke yako, wapita njia watasema huyu ana lake jambo. Njoo na wenzako kumi na nne, wote mwangalie juu, uone.

Jambo hilo lilipimwa New York na mwanasaikolojia Stanley Milgram na wenzake, wakachapisha matokeo mwaka 1969. Mtu mmoja akisimama na kuangalia juu, asilimia 4 ya wapita njia walisimama naye. Walipokuwa 15, waliosimama walifika asilimia 40, na walioinua macho, wakiwemo waliokuwa wanapita tu, walikuwa asilimia 86. Huko juu hapakuwa na kitu cha maana.

Mtaani tunauita mkumbo, na neno hilo lina harufu ya lawama. Lakini shikamoo yako ya kwanza nayo uliipata kwa njia hiyo hiyo.

2. Mtazamo na tabia si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Hudhuria mkutano wa mtaa wowote unaopitiwa na mtaro: wote wataunga mkono kwamba kutupa taka mtaroni ni vibaya, na watamaanisha. Mvua kubwa ikishuka usiku, mifuko inafunguliwa geti na kusukumiwa majini iondoke na mafuriko.

Kuna mfano wa zamani unaoonyesha kinyume chake. Mwaka 1934 mwanasosholojia Richard LaPiere alieleza safari zake Marekani akiwa na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kali. Walifika kwenye hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo kuuliza kama wangepokea wateja Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Karatasi ilisema hivi, na mtu aliyesimama mlangoni na mzigo wake alipokewa vile. Kwa hiyo ukitaka kujua watu watafanya nini, usiishie kuwauliza wanaamini nini. Angalia nani atakuwepo wakati wanafanya.

3. Kwa nini tunafuata wenzetu?

Sababu kubwa ni mbili, na kuzichanganya huleta ushauri mbovu.

Ya kwanza ni kutojua. Mgeni ameshuka Kituo cha Magufuli pale Mbezi alfajiri, hajui njia ya kutokea, anawafuata wenye mabegi. Hapo mkumbo ni ramani. Muzafer Sherif alilionyesha hili mwaka 1935 kwa nukta ya mwanga kwenye chumba cha giza. Nukta haisogei, lakini jicho huiona kama inasogea. Watu walipokadiria kwa pamoja imesogea kiasi gani, makadirio yao yaliyokuwa yametawanyika yalikaribiana, na hata walipobaki peke yao waliendelea na kipimo cha kundi.

Ya pili ni kutotaka kutengwa. Solomon Asch, mwaka 1951, aliwapa watu kazi ya kitoto: kutaja mstari upi unalingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi. Ila wengine wote mezani walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa pamoja. Karibu theluthi moja ya majibu ya waliopimwa yalifuata uongo huo, ingawa takriban robo yao hawakufuata hata mara moja. Watu waliporuhusiwa kuandika jibu kwenye karatasi badala ya kulitamka, kufuata kulipungua sana. Macho yao yaliona sawasawa muda wote. Kilichokuwa kizito ni kutamka.

Basi ukijikuta unafuata, jiulize: hili ningelifanya kama hakuna anayeniona? Ndiyo yako ina maana umewaamini wenzako. Hapana yako ina maana unawaogopa.

4. Mimi huwa sifuati mtu. Hili linanihusu?

Linakuhusu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza watu wa California kwa nini wanapunguza matumizi ya umeme nyumbani. Walitaja mazingira, walitaja gharama, na majirani wakawaweka mwisho kabisa. Lakini dhana yao kuhusu wanachofanya majirani ndiyo iliyolingana zaidi na matumizi yao halisi.

5. Majaribio haya yamefanywa kwa Wazungu. Yanatuhusu sisi?

Swali zuri, na wanaouliza wana haki ya kuguna. Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya majaribio 133 ya mistari ya Asch kutoka nchi 17. Mkumbo ulionekana kila mahali, lakini ulikuwa na nguvu zaidi kwenye jamii zinazotanguliza kundi kuliko zile zinazotanguliza mtu binafsi. Huko Marekani kwenyewe ulikuwa umepungua tangu miaka ya 1950.

Ningeonya jambo moja kabla hatujajiita kondoo. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho: methali hii inafundisha adabu ya mgeni. Mtu anayekubali mbele ya wakwe na kutoa dukuduku lake baadaye kwa shangazi hajapoteza msimamo. Amechagua mlango.

## Mjini hapa

6. Mbona nachangia harusi ya mtu nisiyemjua vizuri, tena kwa kiasi nisichokipanga?

Kwa sababu ya orodha. Nitasema yangu.

Niliongezwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzangu wa zamani. Nilishaamua kichwani: elfu hamsini, na hapo nimejitahidi. Kila jioni katibu alikuwa anarusha orodha upya, majina kwa namba, ahadi, alichotoa, na alama ya tiki ya kijani kwa aliyemaliza. Mimi nilikuwa namba 17, mbele ya jina langu kuna kistari. Namba 16 laki moja, tiki. Namba 18 laki moja na nusu, tiki. Siku ya tatu nikaandika laki moja, nikaikopa kwenye kikoba.

Miezi baadaye mjumbe wa kamati ile aliniambia akicheka kwamba ahadi tano za kwanza zilipangwa kikaoni ziwe kubwa "ili kufungua pazia". Namba 16 naye alikuwa ameandika laki baada ya kuona za juu yake. Kwa hiyo mimi nilimfuata yeye, na yeye aliwafuata watano.

Angalia mambo matatu yaliyokutana pale. Kila mtu anaonekana na kila mtu. Kiwango kimewekwa na wa kwanza. Na kuna deni la kurudishiana, maana na wewe una binti. Hili la tatu silibezi hata kidogo: kuchangiana ndiko kunakozika watu wetu na kulipia hospitali. Ninachokilalamikia ni tiki. Namna ya kujitoa iko kwenye swali la 18.

7. Wafanyabiashara wanatumiaje mambo haya?

Kwa ustadi kuliko mhadhiri yeyote. Pale kituoni daladala tupu haipati abiria, kwa hiyo vijana wawili watatu wanakaa ndani kama wasafiri, mpiga debe anaita "bado wawili, bado wawili!", na ukishakaa wao wanashuka mmoja mmoja. Mnada wa nguo mtaani una mteja wa kwanza anayeshangilia bei kama vile hajawahi kuiona, na kesho yuko hapo hapo.

Halafu kuna "karibu dada, kuangalia bure". Ukishaingia, "jaribu tu". Ukishajaribu, "wewe una shilingi ngapi?" Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser waliwaomba wenye nyumba California wakubali bango kubwa, baya, la usalama barabarani bustanini kwao. Walioombwa moja kwa moja, asilimia 17 walikubali. Wale ambao wiki mbili kabla walikuwa wamekubali kibandiko kidogo tu chenye ujumbe wa namna hiyo, asilimia 76. Ndiyo ndogo inakufanya ujione mtu wa kukubali. Kariakoo wanalijua hilo bila California.

8. Daladala inakimbia kama imeibiwa. Mbona hakuna anayesema?

Hapa ndipo pa kukaa.

Chukua gari la Mbagala jioni, limejaa mpaka mlangoni, dereva anapita kushoto kwa magari ya mizigo. Umeshika bomba kwa mikono miwili. Moyo unadunda. Unawaangalia wenzako: mmoja anachezea simu, mmoja amefumba macho, mmoja anatazama nje. Unasema, aah, kumbe ni kawaida. Usichokijua ni kwamba yule wa simu anarudia kufungua ukurasa ule ule, yule aliyefumba macho anasali, na wote wawili wamekuangalia wewe, wakaona uso mtulivu.

Kila mmoja anaogopa peke yake, na kila mmoja anadhani ndiye peke yake. Kisha mama mmoja wa kiti cha nyuma anapaza sauti: "Dereva, sisi hatujachoka kuishi!" Gari zima linalipuka. "Mwambie mama!" "Tuna watoto nyumbani!" Wale waliokuwa kimya sekunde tano zilizopita ndio wenye kelele zaidi. Mama hakubadili maoni ya mtu yeyote. Aliyafichua.

Wachumi James Habyarimana na William Jack walilitumia hili Kenya. Walibandika ndani ya matatu za safari ndefu vibandiko vinavyowahimiza abiria waseme dereva akiendesha vibaya. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima kwa magari yenye vibandiko yalipungua kwa takriban nusu. Kibandiko kilimpa abiria wa kwanza ruhusa, na kilimhakikishia kwamba wengine nao wamekisoma.

Ukilielewa hili, utaona kwamba sehemu kubwa ya "wengi" tunaowafuata wamesimama wakitusubiri sisi.

9. Watu wenye akili zao wanaingiaje kwenye upatu?

Wanaingia kwa kumwona mtu wanayemjua amelipwa. Mwaka 2009 Serikali ilipoizuia DECI, iliyowaahidi watu "kupanda na kuvuna", waliolia walikuwa na majirani, waumini wenzao na ndugu waliokuwa wamevuna kweli. Ushahidi haukuwa wa uongo. Wa kwanza hulipwa kwa pesa za wa pili, na mwenye kulipwa hutangaza, wakati asiyelipwa huona aibu na kunyamaza. Hivyo unachosikia mtaani ni upande mmoja tu wa hesabu.

Wengine hunitajia Loliondo ya 2011, kikombe cha dawa cha shilingi 500 kijijini Samunge, na kuuliza kama ni kitu kimoja. Kwa nia, hapana. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile hakuahidi faida ya fedha, na bei ilikuwa ndogo. Kwa namna habari zilivyokimbia, ndiyo: foleni yenyewe ndiyo iliyokuwa tangazo. Magari yakisimama kilomita kwa kilomita, aliye nyumbani na mgonjwa wake anajiuliza, hawa wote wamekosea?

10. Mwanangu anasema "wenzangu wote wanafanya". Nimjibu nini?

Mwambie akutajie majina. Si kwa kumtega. Hesabu naye. Vijana huwadhania wenzao kuwa wameruka mipaka kuliko walivyo. Utafiti wa Deborah Prentice na Dale Miller chuo cha Princeton, uliotoka mwaka 1993, ulikuta wanafunzi wakidhani wenzao wanafurahia unywaji wa pombe chuoni kuliko wao wenyewe. Ni daladala ya swali la 8, imehamia bwenini.

11. Na mitandaoni? Wafuasi na "like" vina nguvu kweli?

Vina nguvu, na vinatia bahati ndani ya sifa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio la watu zaidi ya 14,000 waliosikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waliogawanywa kwenye makundi na kuonyeshwa wenzao wamepakua nini walifanya nyimbo zilizopendwa zipendwe mno, na wimbo uliopaa kundi moja haukupaa lazima kundi jingine. Wimbo mbovu kabisa ulipata shida kila mahali, mzuri kabisa haukuzama, hao wa katikati ikawa bahati nasibu. Wanaotafuta kiki kila Ijumaa hawajasoma utafiti huu, na hawauhitaji.

## Amri, umati na hatari

12. Kumtii mkubwa ni sawa na kufuata mkumbo?

Ni ndugu, ila tofauti. Mkumbo unatoka pembeni, kwa wa rika lako. Amri inatoka juu. Jaribio linalojulikana zaidi ni la Milgram huyo huyo, lililochapishwa mwaka 1963. Watu waliamriwa na mtafiti kumpiga mwenzao shoti za umeme kila alipokosea jibu (hapakuwa na umeme, ila hawakujua). Kati ya 40, 26 walifika volti 450, mwisho wa mashine. Sehemu inayosahaulika ni hii: katika toleo jingine la jaribio hilo, wenzao wawili pale mezani walipokataa kuendelea, waliofika mwisho walikuwa wanne tu kati ya 40. Ukitaka kumsaidia karani anayeamriwa jambo baya, kaa naye.

13. Mtu akianguka kituoni, kwa nini watu wanazunguka tu?

Kila mmoja anasoma utulivu wa mwenzake (swali la 8), na kila mmoja anadhani kuna anayehusika zaidi. Bibb Latané na John Darley, mwaka 1968, waliingiza moshi kwenye chumba cha watu wanaojaza fomu. Aliyekuwa peke yake alitoa taarifa mara tatu kati ya nne. Walipokuwa watatu, ni asilimia 38 tu ya makundi yaliyokuwa na hata mtu mmoja wa kutoa taarifa.

Dawa yake ni kuvunja umati uwe mtu mmoja mmoja. Usipige kelele "saidieni!" Nyoosha kidole: "Kaka wa shati la bluu, piga 112. Dada mwenye khanga, mpepee." Nimeliona likifanyika Kimara Mwisho, na kaka wa shati la bluu alipiga simu mpaka anatetemeka.

14. Na yale ya "mwizi!"?

Watu huniambia umati hauna akili. Sikubaliani. Mwaka 1998 Tom Postmes na Russell Spears walichambua tafiti 60 na kukuta kwamba mtu kwenye umati hapotezi kanuni. Anafuata kanuni ya umati ule kwa muda ule. Umati wa msibani unalia, wa uwanjani Kwa Mkapa unaimba. Neno "mwizi" likitoka, kanuni inayoshuka pale ni kipigo, na aliyefika mwisho hajui hata kilichoibiwa.

Kwa hiyo sauti ya mapema ina thamani kuliko ya baadaye. "Mpelekeni kituoni!" ikitamkwa na mtu mzima kabla ya jiwe la kwanza huweza kushika. Baada ya jiwe la tatu, usijitie katikati. Rudi nyuma upige 112.

## Kubadili mambo

15. Mabango ya kukataza yanasaidia?

Mengine yanatangaza kosa. "Usikojoe hapa, faini 50,000" linakwambia mambo mawili, na la pili ni kwamba watu wanakojoa hapa. Robert Cialdini na wenzake walijaribu kwenye hifadhi ya miti iliyogeuka mawe huko Arizona, ambako wageni huiba vipande. Bango lililolalamika kwamba wageni wengi wameiba liliambatana na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyowekwa alama. Lililoomba tu watu wasichukue, chini ya asilimia 2. Kiongozi wa mtaa anayesema "nyumba nyingi hazilipi ada ya taka" amewapa wasiolipa wenzao.

16. Redio inaweza kubadili tabia ya nchi?

Inaweza kusogeza, na Tanzania ni mfano unaofundishwa kwingine. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulianza mwaka 1993 Radio Tanzania, na eneo la Dodoma likaachwa bila kuusikia hadi 1995 ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi ulikosikika. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mazungumzo baada ya kipindi, mke na mume, jirani na jirani.

Elizabeth Levy Paluck alikuta jambo la kushangaza zaidi Rwanda mwaka 2009: mchezo wa maridhiano haukubadili sana imani za ndani za wasikilizaji. Ulibadili walivyodhani wenzao wanafikiri, na walivyotenda.

17. Mtu mmoja anaweza kubadili kundi?

Anaweza, asipoyumba. Kwenye mistari ya Asch, mwenza mmoja tu aliyesema ukweli alitosha kushusha mkumbo hadi karibu robo yake. Serge Moscovici, mwaka 1969, aliweka wawili ndani ya sita waseme rangi ya bluu ni kijani. Waliposhikilia bila kubadilika, majibu ya wengine yaliwafuata kwa asilimia 8 hivi. Walipoyumba, asilimia 1. Ni kidogo, ndiyo. Lakini fikiria walikuwa wanasema uongo.

18. Nitakataaje kiwango cha mchango bila kugombana na watu?

Amua kiasi kabla ya kufungua orodha, na kitaje mapema, kundi likiwa bado na majina machache. Ahadi ya mapema huonekana ni mpango. Ya mwisho huonekana ni ubahili. Usieleze matatizo yako, kwa sababu kila tatizo lina mtu wa kulijibu. Kama una nafasi kwenye kamati, pendekeza orodha itaje jumla tu, na majina abaki nayo mweka hazina.

Harusi iliyofuata niliandika hivi: "Hongereni sana familia. Mimi nitachangia elfu thelathini, nitaituma tarehe 28." Nikazima data. Nilipofungua asubuhi, chini ya jina langu walikuwa wamejaza watu wanne. Watatu kati yao waliandika elfu thelathini.